Mikanda ya video ya nyumbani kwetu, 1993 hadi 1999: mama yuko wapi?

BintiMatombo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Baba yangu alifariki mwaka juzi. Wakati wa kugawa vitu vyake tulikuta sanduku la bati chini ya kitanda, ndani yake mikanda tisa ya VHS imefungwa kwenye khanga. Baba alikuwa miongoni mwa watu wachache mtaani kwetu Morogoro waliokuwa na kamera ya video. Aliinunua Dar kwa baharia mmoja mwanzoni mwa miaka ya 90. Bidhaa za nje zilikuwa zimeshajaa madukani baada ya ruksa ya Mzee Mwinyi, rais wa wakati ule, naye alikuwa na kazi yake nzuri kiwandani. ITV ilikuwa bado haijaanza, ilikuja 1994, kwa hiyo huku Bara watu walikuwa na runinga na deki (mashine ya kuchezea mikanda) kabla hata ya kuwa na kituo cha kuangalia. Jumapili sebule yetu ilijaa watoto wa mtaa mzima, wamekaa chini, wanatazama mkanda wa ubatizo wa mdogo wangu kwa mara ya ishirini.

Nimeazima deki kwa jirani, mapumziko ya Pasaka tukakaa familia nzima kuangalia. Nimeandika hapa mikanda mitatu iliyonikosesha usingizi.

Wa kwanza ni huo wa ubatizo, 1993. Una dakika 52. Niliurudia peke yangu usiku na saa mkononi. Mama anaonekana dakika nne tu, na sehemu kubwa ya dakika hizo ni mkono wake. Mkono wenye bangili ya shaba unaingia kwenye picha, unanifuta mdomo kwa upindo wa khanga, unatoka. Baba haonekani kabisa kwa sababu kamera ameishika yeye. Ni sauti tu: "Simameni hapo! Tazameni huku! Pita upesi, unaziba!" Anayeambiwa apite upesi ni mwanamke aliyebeba sinia la pilau. Wanaume wamekaa kwenye viti vya kuazima, wanasema salamu zao mmoja mmoja. Wanawake wanapita tu. Lakini ukifumba macho ukasikiliza, mama yumo mwanzo hadi mwisho: mwiko unakwangua sufuria, anaita mtu alete maji, anacheka, anakemea kuku.

Wa pili ni Krismasi 1996. Baba alipunguzwa kazini 1995, kiwanda kilipobinafsishwa. Mafao yao walizungushwa nayo miaka. Safari hii kamera imewekwa dirishani na imeachwa inajiendesha. Baba yumo kwenye picha, amekaa pembeni ya kochi na mikono katikati ya magoti. Mama ndiye yuko katikati na daftari la mahesabu. Alikuwa ameanza u-mama ntilie karibu na stesheni ya reli. Dakika nzima anahesabu fedha, baba anamtazama, hakuna anayesema neno. Nilikuwa na miaka minane. Kichwani mwangu hiyo ilikuwa Krismasi ya furaha, nilipata viatu vyekundu. Na kweli viatu ninavyo kwenye mkanda, nakimbia navyo mbele ya kamera, nyuma yangu wazazi wangu wakiwa na sura ambazo sikuwahi kuziona.

Wa tatu ni harusi ya dada. Tarehe iliyoandikwa pembeni ya picha ni 1 Januari 1990, jambo lisilowezekana. Tumegundua mwaka kwa ukuta: picha ya Mwalimu Nyerere imezungushiwa kitambaa cheusi. Mwalimu alifariki 14 Oktoba 1999, na dada aliolewa Desemba ile. Sisi ni Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, lukolo lake (yaani ukoo) ni la mama. Kwa hiyo anayesimama kumtoa bibi harusi ni mjomba wetu. Baba amekaa safu ya pili. Nikalinganisha na video ya simu ya harusi ya mdogo wetu, 2014: pale baba ndiye aliyeongea, mjomba akapewa dakika mbili za salamu. Miaka 15 tu, na hakuna kikao chochote kilichokaa kuamua kwamba mambo yabadilike.

Sasa kilichonifanya nianzishe uzi. Tulipokuwa tunaangalia ule wa 1993, mwanangu wa miaka kumi aliuliza: "Kwani bibi yeye alikuwa anapika tu?" Mama hakujibu. Alinyanyuka akaenda nje, akakaa kwenye ngazi mpaka mkanda ulipoisha.

Naomba kwa waliowahi kufungua mikanda ya nyumbani kwao: mnaiangaliaje ili isiwafundishe watoto uongo? Maana kamera ilimwona mama kama ilivyomwona, na watoto wataamini kamera.

MzeeWaIlala

Pole kwa msiba, binti yangu. Wewe shukuru mikanda ipo.

Kwetu mazishi ya babu yalirekodiwa, 1991. Baba yake mzazi baba yangu, mzee aliyezaliwa enzi za Mjerumani. Mkanda uliwekwa juu ya kabati miaka saba. Mwaka 1998 kaka yangu akatafuta mkanda wa kurekodia fainali ya Kombe la Dunia, Brazil na Ufaransa, akachukua ule. Leo ukiuweka unaona dakika 90 za Zidane, wanapiga tatu, halafu picha inakuwa chengachenga, halafu ghafla dakika saba za mwisho za mazishi. Watu wanarudi kutoka makaburini wananawa mikono kwenye karai. Shangazi zangu wamekaa kwenye jamvi. Basi.

Nimeangalia zile dakika saba pengine mara mia. Nawajua wote kwa majina, thelathini na mmoja. Waliobaki hai ni wawili. Kaka tulishamsamehe, alikuwa kijana. Ila naandika hapa ili mwenye mkanda wa aina hiyo ajue.

FundiDeki

Nashughulika na mikanda tangu enzi za mabanda ya video, sasa kazi yangu kubwa ni kuihamishia kwenye kompyuta. Nitajibu upande wa ufundi, upande wa familia nawaachia wengine.

Mzee, huo msiba wenu ulizuilika kwa kitu kidogo sana. Mgongoni mwa kila mkanda wa VHS kuna kijiplastiki upande wa kushoto. Ukikivunja, deki haikubali kurekodi juu yake. Leo, sasa hivi, yeyote mwenye mkanda wa familia akivunje. Ukija kutaka kurekodi tena unabandika gundi ya karatasi.

BintiMatombo, umefanya jambo moja la hatari: umecheza mikanda iliyokaa sandukuni miaka mingi kwenye deki ya kuazima bila kuikagua. Fungua kifuniko cha mbele cha mkanda, mulika kwa tochi. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, hiyo ni kuvu. Ukiiweka kwenye deki kuvu inapaka hedi (kile kichwa kinachosoma utepe), na hedi inapakia mkanda unaofuata. Ukanda wa pwani hili ndilo linaloua mikanda kuliko kitu kingine. Mkanda wenye kuvu unasafishwa kwanza, haujaribiwi. Na deki yenyewe kabla ya mkanda wa thamani uijaribu kwa mkanda usio na maana, kwa sababu deki iliyokaa muda mrefu mipira yake inalegea na inatafuna.

Kuhamisha hakuna njia ya mkato. Mkanda wa dakika 180 unahamishwa kwa dakika 180. Waya tatu, njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti, zinaingia kwenye kifaa cha kunasa, kifaa kinaingia kwenye kompyuta. Ukipata faili usilipunguze ukubwa. Lile kubwa liweke sehemu mbili tofauti, nyumba mbili tofauti ikiwezekana, halafu la kurusha kwenye simu tengeneza lingine dogo.

Na fanyeni haraka. Kampuni ya mwisho iliyokuwa inatengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, ilisimamisha 2016. UNESCO ilitoa tahadhari 2019 kuhusu mikanda ya sumaku duniani kote, na mwaka uliotajwa kama ukomo wa kuihamisha kwa urahisi ulikuwa 2025. Utepe wenyewe unaweza kudumu bado. Kinachoisha ni deki, vipuri na mafundi. Hedi nilizonazo nimezitoa kwenye deki mbovu.

Tarehe ya 1990 isikushangaze. Kamera zile zilikuwa na kibetri kidogo cha saa, kikifa tarehe inarudi mwanzo. Usiamini tarehe ya kwenye picha hata siku moja. Umefanya vizuri kusoma ukuta.

NyotaWaMvita

Asalamu alaykum jamaa. Mimi ni wa Mombasa, na kwetu swali la BintiMatombo limegeuka upande wa pili.

Harusi zetu, ya wanaume kivyake na ya wanawake kivyake. Usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao, buibui zinavuliwa mlangoni, na anayeshika kamera ni mwanamke. Kwa hivyo mikanda ya mamangu ya miaka ile imejaa wanawake peke yao: wanacheza vugo, ngoma ya wanawake, na pembe zao, wanaimbana, wanacheka mpaka wanajishika mbavu. Bibi yangu, ambaye mimi nimemjua akiwa mtu wa tasbihi na kimya, kwenye mkanda yumo mbele kabisa anaongoza nyimbo. Nilikuwa na miaka 24 nilipomwona hivyo mara ya kwanza. Nikamuuliza mama, "Huyu ni bibi?" Akaniambia, "Huyo ndiye mamangu. Yule uliyemjua wewe ni mjane."

Lakini mikanda ile ni amana. Wale wanawake walikubali kupigwa picha kwa sharti kwamba haitatoka katika mikono ya wanawake. Binamu yangu mmoja wa kiume alitaka kuhamisha yote kisha aweke kwenye kikundi cha ukoo, watu zaidi ya mia. Mama alikataa katakata, na mimi namuunga mkono. Baadhi ya waliomo wameshakufa, hawawezi kuulizwa tena, basi neno lao la mwisho ni lile la usiku ule. Tukatafuta fundi wa kike, akahamishia nyumbani kwetu, mbele ya mama. Faili liko kwangu. Atakayetaka kuona aje akae na sisi tuangalie pamoja, mwanamke.

Nasema haya kwa sababu wengi mkishahamisha mnakimbilia kurusha. Tulieni kwanza. Muulize aliye kwenye picha, na kama hayupo muulize mwanawe.

MkaziWaMaskati

Nasoma nikiwa Oman na machozi yananilenga.

Ukoo wetu ni wa Unguja, wazee walihamia huku baada ya Mapinduzi ya 1964, nusu wakabaki. Miaka ya 80 na 90 mikanda ilikuwa ndiyo barua. Mtu akitoka Unguja kuja Maskati anapewa mkanda, akirudi anapewa mwingine. Watu wanapangwa barazani, kila mmoja anasema salamu: "Mimi ni fulani, sijambo, mtoto amezaliwa, mama mgonjwa kidogo lakini anakula." Kule Zanzibar televisheni ya rangi ilikuwepo tangu miaka ya 70, kwa hiyo kuangalia na kuangaliwa halikuwa jambo geni. Ami yangu aliyekwenda Marekani alituma mkanda wake, ukacheza picha nyeusi na nyeupe inarukaruka. Kumbe mfumo wa kule ni NTSC na wetu ni PAL. Mwaka mzima mkanda ulikaa tunausikiliza sauti tu, mpaka ikapatikana deki ya mifumo yote.

Mimi kilichonigusa ni lugha. Mkanda wa 1988, mama yangu ana miaka thelathini, anawaambia wa Unguja habari za nyumba mpya, Kiswahili tupu, cha Mkunazini, mtaa wa mjini Unguja. Mimi mtoto nimekaa pajani namkatiza kwa Kiswahili. Mkanda wa 1997, mama yuleyule anasema, mimi namjibu kwa Kiarabu. Hakuna mtu aliyekumbuka lini nilibadilika. Mama mwenyewe aliapa kwamba nyumbani hatukuwahi kuacha. Mkanda ukaonyesha.

Tangu siku ile nimejirudi. Naandika hapa kwa Kiswahili, na wanangu nawasemesha.

Kibwe_73

Naomba nitofautiane kidogo na mwanzisha uzi, kwa heshima.

Dada, umemhesabia baba yako dakika. Marehemu hawezi kujitetea. Mwanamume wa 1993 alinunua kamera kwa mshahara wake, akajinyima kuonekana yeye mwenyewe ili nyinyi mwonekane. Hata yeye hayumo! Kama mama ni mkono, baba si hata mkono. Sioni kwa nini mmoja awe amedhulumiwa na mwingine awe amedhulumu.

BintiMatombo

Kibwe, asante. Ningekuwa nimekujibu jana ningekujibu kwa hasira. Leo siwezi, kwa sababu kuna jambo limetokea, na umekaribia kuwa na haki kuliko ulivyojua.

Nilimfuata mama baada ya kusoma post ya NyotaWaMvita, kwamba muulize aliye kwenye picha. Nilikuwa sijamuuliza. Nimeandika uzi mzima juu yake bila kumuuliza.

Jumamosi tulibaki wawili. Nikaweka simu mezani inarekodi sauti, nikamwomba ruhusa, nikampa rimoti yeye. Nikamwambia, mama, simamisha unapotaka. Dakika ya sita akasimamisha. Akasema, "Mimi ndiye niliyekataa. Baba yako kila akinielekezea nilimfukuza. Gauni la sikukuu nilikuwa nalo moja, na nilishapigwa nalo picha mwaka wa nyuma kwenye kipaimara cha dada yako. Sikutaka kanisani waseme." Kisha akacheka, akasema, "Ndiyo maana anachukua mkono. Mkono hauna gauni."

Mnaelewa? Miaka yote mkono ule. Nilidhani baba hakumwona. Kumbe alikuwa anamtafuta, na anapata alichoruhusiwa.

Pale kwenye "pita upesi, unaziba" nilimwuliza kama haikumuuma. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Iliuma kidogo. Tulizoea." Kwa hiyo hata hilo lipo, Kibwe, sitaki kulifuta. Yote mawili yapo kwenye mkanda mmoja.

Wa 1996 aliuangalia bila kusimamisha. Ulipoisha akaniambia kwamba lile daftari halikuwa la mahesabu ya chakula tu. Siku ile alikuwa anamwonyesha baba kwamba ada ya dada imetimia, na kamera dirishani aliiweka yeye mwenyewe, si baba. Baba alikuwa ameshaiuza moyoni, walishakubaliana na mnunuzi, inaondoka Januari. Mama akasema acha irekodi kwa mara ya mwisho, tuwe sote. Mnunuzi hakurudi, ndiyo maana kamera ikabaki mpaka 1999. Mimi nina miaka mingi nikisimulia kwamba baba ndiye aliyepiga video zote za nyumbani kwetu.

FundiDeki

Hiyo sauti ya mama uliyoirekodi ihifadhi pamoja na faili la mkanda, jina lilelile. Nina wateja waliohamisha mikanda hamsini na hawajui nani yumo. Inawezekana pia kuiunganisha iwe njia ya pili ya sauti: mtu anachagua kusikia mkanda wenyewe au mama anavyoeleza. Ukikwama niite, hilo nakufanyia bure.

MzeeWaIlala

Fundi, na zile dakika zangu saba nikikaa nikataja majina thelathini na moja unaweza?

FundiDeki

Naweza, mzee. Nitumie inboksi uko wapi, nakuja na vifaa.

BintiMatombo

Naongeza moja, halafu nitarudi wiki ijayo.

Jana tumerudia wa ubatizo, safari hii na mwanangu, mama akiwa na rimoti. Dakika ya 23 kuna msichana mwenye gauni la kijani anapita nyuma na ndoo kichwani. Dakika ya 31 amenibeba mgongoni, kamera inamkata kichwa. Dakika ya 44 amekaa peke yake kwenye kizingiti anakula kwenye kifuniko cha sufuria. Sisi wote tulidhani ni binamu. Kaka alitaja hata jina.

Mama alisimamisha kwenye kizingiti. Akakaa muda mrefu. Akasema huyo ni msichana wa kazi, aliletwa kutoka milimani, ana miaka kumi na mitatu pale. Aliishi nasi miaka mitatu. Kazi ilipoisha kwa baba, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka, alipandishwa gari na nauli na vitenge viwili. "Wewe ulilia wiki nzima," mama akaniambia, "ulikuwa unamwita mama."

Mimi simkumbuki. Sina hata kivuli chake. Nimemtazama pale kwenye kizingiti, hamtazami mtu, analamba vidole, na mgongo wangu mdogo uko dakika kumi na tatu kabla umeegemea wake.

Mwanangu akauliza yuko wapi sasa. Mama anamjua mtu wa kijijini kwao, anauza ndizi sokoni, na namba yake imeandikwa nyuma ya kalenda. Tunapiga kesho asubuhi. Mama amesema ataongea yeye.